Selimundu: Mama Ashitakiwa kwa Kosa Gani?

Katika wilaya ya Chunya, kama ilivyo Unguja na Pemba, mama aliyezaa mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu aghalabu huhukumiwa kabla ya kusikilizwa. Mtoto hulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa, macho yake hugeuka manjano, viganja na nyayo huvimba, na damu humpungukia hata akakosa nguvu ya kunyonya. Ndugu wa mume hukutana. Mmoja husema ukoo wao haujapata kuwa na maradhi ya namna hiyo. Mwingine huuliza mke huyo alitolewa wapi. Wa tatu, ambaye ndiye wa hatari zaidi, hulitaja jina la jirani. Mtoto wa pili akizaliwa mgonjwa, kesi huwa imekwisha: mama hurejeshwa kwao, na jirani huanza kufunga mlango mapema.

Sisi tuliotoka visiwani tukaletwa na kazi za Chama katika wilaya hii ya wachimba dhahabu na wakulima wa tumbaku tumeisikia hukumu hiyo kwa lafudhi zote mbili, ya pwani na ya bara, na haina tofauti. Jambo la kusikitisha ni kwamba ushahidi wa kumtetea mama huyo umo katika madaftari ya watoto wetu wa sekondari. Kwa miaka mingi mtaala wetu umeliweka somo la uzazi katika kidato cha tatu na somo la urithi katika kidato cha nne. Kijana hulisoma, hulikariri, hulijibia mtihani, kisha hurudi nyumbani na kukaa kimya pembeni huku wazee wakimhukumu shangazi yake kwa jambo ambalo yeye mwenyewe alilipatia alama nzuri.

Basi na tulifungue daftari hilo.

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, na ndani ya kila seli, isipokuwa chache, mna nyuzi ndogo mno ziitwazo kromosomu. Idadi yake ni 46, nazo hukaa jozi jozi, yaani jozi 23. Juu ya nyuzi hizo zimepangwa jeni, ambazo ni maagizo ya ujenzi wa mwili: rangi ya ngozi, umbo la pua, aina ya damu na mengineyo mengi. Mwili unapotengeneza mbegu ya mume au yai la mke, kila jozi hutengana, upande mmoja tu ukaingia. Kwa hiyo mbegu ina kromosomu 23 na yai lina 23, na zikikutana tumboni huwa 46 tena. Maana yake ni nyepesi: kwa kila jeni ya namna hii mtoto amepata nakala moja kwa baba na moja kwa mama. Hakuna mtoto aliyechukua damu ya upande mmoja tu, hata akifanana na bibi yake mzaa mama kama shilingi kwa ya pili.

Kanuni za jambo hili ziligunduliwa na mtawa mmoja, Gregor Mendel, katika mji wa Brno, kwa kupanda njegere na kuzihesabu. Alichapisha matokeo yake mwaka 1866, na kwa zaidi ya miaka thelathini hakuna aliyeyajali. Aligundua kwamba sifa inaweza kujificha katika kizazi kimoja na kutokeza katika kizazi kifuatacho. Jeni moja hutawala, nyingine hufichika nyuma yake. Lakini iliyofichika haikufa.

Sasa tuje kwenye damu. Chembe nyekundu za damu zimejaa kitu kiitwacho himoglobini, ambacho kazi yake ni kubeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Katika maagizo ya kuitengeneza himoglobini, baadhi ya watu wana kosa la herufi moja tu. Kwa kosa hilo, himoglobini ikishatoa hewa yake hugandamana na kuwa kama fito ndani ya chembe, na chembe iliyokuwa mviringo laini hujipinda ikawa na umbo la mundu. Mundu hazipiti kwa urahisi katika mishipa myembamba. Hukwama, huziba njia, na sehemu iliyo mbele ya kizuizi hukosa hewa. Hayo ndiyo maumivu yanayomliza mtoto usiku. Tena chembe hizo hufa mapema kuliko chembe za kawaida, damu ikapungua, na macho yakawa ya manjano.

Tuiite jeni iliyo salama A na yenye kosa tuiite S. Kwa kuwa kila mtu ana nakala mbili, watu hugawanyika katika makundi matatu. Mwenye AA hana kitu. Mwenye SS ni mgonjwa. Katikati yupo mwenye AS, ambaye A yake yatosha kumweka katika afya njema: analima, anachimba, anavua samaki, anazeeka, na hajui kamwe kwamba amebeba S. Huyo wa katikati ndiye ambaye wazee wa ukoo hawamhesabu wanaposema kwamba kwao maradhi hayo hayajapata kuonekana. Hayakuonekana, ndiyo, lakini yalikuwapo.

Chukueni shilingi mbili za zamani, zile zilizokuwa na sura ya Mwalimu upande mmoja na mwenge upande wa pili. Moja apewe baba mwenye AS, nyingine apewe mama mwenye AS. Sura iwe A, mwenge uwe S. Kila mimba inapotungwa, wawili hao hurusha shilingi zao kwa pamoja. Zipo njia nne za kuanguka, zote zikiwa na uwezekano sawa: sura na sura, sura na mwenge, mwenge na sura, mwenge na mwenge. Kwa hiyo kwa kila mimba kuna nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mgonjwa, nafasi mbili katika nne za kupata mtoto mzima aliyebeba alama kama wazazi wake, na nafasi moja katika nne ya kupata mtoto asiye na alama kabisa.

Hapa wengi hukosea, hata waliosoma. Husema: watoto wanne, mmoja mgonjwa, basi aliyekwisha kuugua amewalipia wenzake. La hasha. Shilingi haina kumbukumbu. Aliyezaa mtoto mgonjwa jana ana nafasi ileile moja katika nne leo. Wapo wazazi wa namna hiyo waliojaaliwa watoto sita wote wazima, na wapo waliopata wagonjwa watatu mfululizo. Jambo hilo la pili hutokea kwa bahati ya moja katika 64, na katika nchi yenye mamilioni ya familia bahati ya moja katika 64 huwafikia watu wengi sana. Hao ndio wanaoambiwa kwamba wamelogwa.

Sasa na tuitazame kesi ya mama. Ikiwa baba angekuwa AA, hata mama akiwa AS, hakuna mtoto wao ambaye angezaliwa na SS, kwa kuwa S ya pili isingekuwa na mahali pa kutoka. Kwa hiyo kila mtoto mwenye SS ni hati yenye sahihi mbili. Ukoo wa mume unapomnyooshea mama kidole, unakitia kidole hicho katika jicho la mtoto wao wa kiume. Wala hatusemi haya ili lawama ihamie kwa baba. Yeye naye hakuchagua upande gani wa shilingi yake uangukie juu.

Ugonjwa huu uliingia katika vitabu vya tiba kupitia kwa mtu wa kisiwani. Kijana mmoja wa kisiwa cha Grenada, Walter Clement Noel, alikwenda Chicago kusomea udaktari wa meno, akaugua huko mwaka 1904. Daktari kijana aliyeitwa Ernest Irons aliitazama damu yake katika hadubini akaona chembe zilizopinda kama mundu, na mkuu wake, James Herrick, akaiandika habari hiyo mwaka 1910. Noel alimaliza masomo yake, akarudi kwao akafungua kazi ya meno, akafariki mwaka 1916 angali kijana.

Lakini swali kubwa zaidi, yaani kwa nini alama yenye kuua watoto imeenea namna hii, lilijibiwa Afrika, tena sehemu kubwa katika Afrika ya Mashariki na jirani zake. Mwaka 1946 daktari Beet, aliyekuwa akifanya kazi Balovale katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, majirani zetu wa Tunduma, aliandika kwamba watu wenye alama ya selimundu walionekana na vijidudu vya malaria kwa uchache kuliko wenzao. Mwaka 1949 yeye, na Mmarekani James Neel kwa njia yake, walionyesha kwamba mgonjwa amerithi alama kutoka kwa wazazi wote wawili. Mwaka huohuo Lehmann na Raper walipima makabila ya Uganda, wakakuta kwamba miongoni mwa Waamba wa Bwamba watu 45 katika kila 100 walikuwa na alama hiyo, ilhali makabila mengine yalikuwa nayo kwa uchache sana.

Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1949 akachukua damu za watu wa sehemu mbalimbali. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta alama kwa watu 20 na zaidi katika kila 100. Kwa watu wa nyanda za juu zenye baridi, kama Wakikuyu, haikufika hata mmoja katika 100. Palipo na mbu, pana mundu. Alirudi mwaka 1953, akapima maelfu ya watu wa Afrika ya Mashariki, na mwaka 1954 akatangaza hoja yake: mwenye AS huhimili malaria kali kuliko mwenye AA. Utafiti uliofanywa miaka mingi baadaye huko Kilifi, katika pwani ya Kenya, na kuchapishwa mwaka 2005, ulikuta kwamba kuwa na AS kunamkinga mtoto na malaria kali kwa karibu asilimia 90.

Hebu tulitafakari jambo hili. Babu zetu waliokaa mabondeni na pwani walikuwa wakizika watoto kwa malaria upande mmoja na kwa selimundu upande wa pili, na aliyenusurika pande zote mbili ni yule wa katikati, mwenye A moja na S moja. Alama hiyo ilibaki kwa sababu iliwaokoa wengi kuliko iliowaua. Anayeicheka familia yenye selimundu na ajiulize yeye amefikaje hapa.

Chunya yenyewe ni kitabu cha somo hili. Kusini yake kuna safu ya milima ya Mbeya, ambako usiku watu huota moto. Ukishuka upande wa pili unaelekea nchi ya joto ya bonde la Ziwa Rukwa na mto Lupa. Tangu dhahabu ya Lupa ilipoanza kuwavuta watu katika miaka ya 1920 na 1930, nchi hii imekuwa njia panda. Wamekuja watu kutoka milimani na kutoka ziwani, kutoka ng'ambo ya mipaka, na baadaye wafugaji na mifugo yao. Wameoana, wamezaa. Ni jambo jema, na ndilo taifa tulilolitaka. Lakini lina tokeo moja ambalo wauguzi wetu hawana budi kulijua: huwezi tena kutazama kabila la mtu ukakisia damu yake. Mtoto wa kambi ya wachimbaji mwenye jina la kutoka milimani anaweza kuwa na bibi wa kando ya ziwa. Kipimo ndicho kitakachosema.

Upande wa visiwani kuna hatari ya namna nyingine, hatari ya kujisahau. Unguja na Pemba zimepigana na malaria kwa bidii ya kupigiwa mfano: dawa mpya za mseto mwaka 2003, kisha vyandarua na upuliziaji majumbani, hata ikafika karibu mwaka 2008 watu waliokutwa na vijidudu hawakuzidi mmoja hivi katika kila 100. Mtu anaweza kusema kwamba malaria ikiondoka, mundu nao utaondoka. Utaondoka, lakini kwa mwendo wa kobe. Tuseme katika jamii fulani mtu mmoja katika watano ana AS, na malaria imekwisha kabisa, na kila mgonjwa wa SS afariki kabla hajazaa. Kwa hesabu za urithi itachukua vizazi kumi, yaani miaka kama 250, mpaka wawe mmoja katika kumi. Na kwa kuwa hakuna mwenye akili anayewaombea wagonjwa wafe, bali tunawatibu ili nao waoe na waolewe, mwendo utakuwa wa polepole zaidi.

Hesabu hii ya shilingi mbili haihusu selimundu peke yake. Ndiyo inayomzaa mtoto mwenye ualbino kwa wazazi wawili weusi, ambao kila mmoja amebeba jeni iliyofichika. Inakadiriwa kwamba Tanzania mtu mmoja katika kila 1,400 hivi ana ualbino. Uvumi kwamba viungo vyao huleta utajiri uliwafanya watu waue wenzao, na mwaka 2015 Serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Marufuku ilikuwa ya haki. Lakini polisi hawezi kuikamata imani iliyo kichwani mwa mtu. Mwalimu wa biolojia aweza, akipewa nafasi na lugha.

Na suala la lugha halikwepeki. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia, kwa hiyo hoja kwamba maneno hayapo haina miguu. Mwanafunzi aliyefundishwa urithi kwa Kiingereza tu hawezi kumweleza bibi yake, si kwa kuwa hakuelewa, bali kwa kuwa elimu yake imefungiwa katika chumba ambacho bibi hana ufunguo wake. Wakuu wa elimu wakiona vigumu kuubadili mfumo wote, si vigumu kuagiza kwamba sura hii moja ifundishwe pia kwa Kiswahili, na kwamba wanafunzi waitoe mbele ya wazazi siku ya mahafali badala ya ngonjera za kuwasifu wageni rasmi. (Sisi wageni rasmi tutavumilia.)

Kuhusu tiba, Serikali haianzi katika giza. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini mwetu kila mwaka, idadi inayotuweka miongoni mwa nchi za mbele duniani pamoja na Nigeria, Kongo na India. Muhimbili imekuwa na mpango wa kuwafuatilia wagonjwa hawa tangu mwaka 2004, chini ya Dokta Julie Makani na wenzake. Kati ya mwaka 2015 na 2016 watoto wachanga karibu 4,000 walipimwa Muhimbili na Temeke; takriban wanane katika kila 1,000 walikuwa na ugonjwa, na mmoja katika wanane hivi alikuwa na alama. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kupandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu. Hayo ni maendeleo makubwa, lakini uboho ni kwa wachache sana. Mtoto wa Makongolosi anahitaji vitu vidogo, tena mapema.

Mapema, kwa sababu mtoto mchanga huzaliwa na himoglobini ya tumboni, ambayo humlinda kwa miezi ya kwanza. Dalili huanza anapokaribia miezi sita, na hapo ndipo bandama huharibika na vijidudu vya homa ya mapafu na vya damu humkuta hana ulinzi. Wengi hufa wakiwa hawajapata jina la ugonjwa wao. Huandikwa malaria, au huandikwa upungufu wa damu, au hawaandikwi kabisa. Aliyejulikana tangu kuzaliwa hupewa penisilini kila siku mpaka afike miaka mitano, hupewa chanjo, chandarua na dawa ya malaria, kwani, kinyume cha mwenye AS, mwenye SS malaria humwua upesi. Dawa ya haidroksiyurea ilijaribiwa kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba maumivu yalipungua, haja ya kuongezewa damu ilipungua, na vifo vilipungua. Vipo vipimo vinavyotumia tone moja la damu na kutoa jibu kwa dakika chache, bila maabara kubwa. Tunawaomba wakuu wa wilaya na waganga wakuu waviweke katika kliniki za mama na mtoto, na jibu liandikwe katika kadi ya mtoto pale penye uzito na chanjo.

Juu ya ndoa twende taratibu. Bahrain, ambayo nayo ni nchi ya visiwa, na Saudi Arabia ziliamuru tangu mwaka 2004 kwamba wachumba wapimwe, lakini uamuzi wa kuoana ukaachwa mikononi mwao. Kwetu, kuamuru kipimo ambacho hakipatikani ni kumtafutia mwananchi kosa. Kianze kupatikana kwanza. Kisha wazee, masheikh na mapadri wawashauri vijana, hasa pale wanapooana watoto wa ndugu, jambo lililoruhusiwa na ambalo hatulikatazi. Ila wanaotoka kwa babu mmoja wana wepesi zaidi wa kuwa wamebeba alama moja. Na majibu yawe siri. Karatasi ya damu inaweza kufichua zaidi ya ugonjwa, ikavunja nyumba. Muuguzi asiyeweza kuzuia ulimi wake asipewe kazi hiyo.

Kwa sasa, mtoto aliyezidiwa hapa Chunya hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya, kilomita zipatazo 70. Barabara hupanda mlimani mpaka zaidi ya mita 2,000, katika ukungu na upepo mkali, na baridi ni miongoni mwa mambo yanayoamsha maumivu ya selimundu. Mzazi anayesafiri naye amvike sweta na soksi kabla gari halijaanza kupanda, amfunike blanketi, na ampe maji mara kwa mara njiani.